Siku Lori la Baba Lilipojiwasha

Mama mdogo alilivuta taulo kutoka chini kabisa ya sanduku, akalitanua mbele ya dirisha, na mwanga ukapita kwenye matundu yake. Tulikuwa tumeketi mkekani chumbani mwa marehemu Mama, pale Mandewa, tukigawa nguo zake. Kanga zilikuwa upande mmoja, madera upande mwingine, na za kutoa sadaka tulizitia kwenye kiroba. Taulo lile zamani lilikuwa la kijani, sasa ukijani ulibaki kwenye pindo tu.

"Tambara hili la nani tena?" aliuliza mama mdogo. "Dada naye, kila kitu alikuwa anatunza. Nilitupe?"

Nililichukua mkononi mwake nikalinusa. Lilinuka sabuni ya mche na karafuu, kama kila kitu kilichokaa kwenye sanduku la Mama, lakini pua yangu ilikataa kuishia hapo. Ilikwenda ikachukua harufu ambayo haikuwepo tena, ya waya uliopata moto kupita kiasi, iliyochanganyika na vumbi la mashudu ya alizeti na ukali wa maji ya betri. Ninyi mliokulia kwenye nyumba zenye magari makuukuu mnaijua harufu hiyo, na mnajua kwamba haisahauliki. Mama mdogo alikuwa bado ananitazama akingoja jibu.

Baba alikuwa na lori. Kwetu neno hilo lilitosha kueleza kila kitu, nani tulikuwa na tulikula nini. Watu wa ukoo wake walikuwa wafanyabiashara wa mjini, babu yao alitoka pwani akaoa bara na kubaki bara, na katika ndugu wote Baba peke yake ndiye hakuweza kukaa nyuma ya kaunta ya duka. Alinunua lori lililokwisha kuchosha watu wengine, la bluu, lenye bodi ya mbao iliyopigwa viraka vya bati, akalipenda kuliko wanavyopendwa watoto wengine. Alibeba alizeti, alibeba vitunguu, na msimu wa asali alikwenda mpaka Rungwa akarudi na madumu yaliyofungwa kwa mifuko ya nailoni na nyuki wawili watatu waliokataa kuachana na mali yao.

Lori lile lilikuwa na ugonjwa wake. Kuna asubuhi Baba alikuwa akiwasha, injini inashika, anaachia ufunguo, na stata, ile mota ya kuwashia, inaendelea kuzunguka vile vile, inalia kwa sauti ya chuma kinachosaga chuma. Akizima injini, stata haijali. Akichomoa ufunguo, haijali. Hapo Baba alikuwa akipaza sauti kutoka kwenye kabini, "Bibie, chomoa!"

Na Mama alikuwa tayari yupo. Kila alfajiri Baba alipokuwa akiwasha, Mama alisimama ubavuni mwa lori karibu na sanduku la betri, kanga kichwani, mikono imekunjwa kwapani kwa sababu ya upepo wa Singida ambao mwezi wa saba unakata masikio. Kibano cha waya wa betri hakikukazwa. Baba alikiacha kwa makusudi kikiwa kimeshikizwa tu, ili Mama aweze kukivuta kwa mkono. Akisikia "chomoa", anainua kifuniko, anavuta, kimya. Kisha Baba anashuka na nyundo, anaipiga stata pale chini mara kadhaa, anapanda, wanaanza upya.

"Gari hili lina hasira za kwenu Unyambwa," Baba alikuwa akisema. "Likishaanza kuongea halinyamazi."

"Na kiburi cha kwenu," Mama anamjibu. "Mpaka lichomolewe."

Mama alikuwa Mnyaturu wa Unyambwa, binti wa wakulima, na katika utani wao kila ubovu wa gari lile ulikuwa na kwao. Mimi nililala nikiwasikiliza kupitia dirishani. Kwangu mimi sauti ile ya stata haikuwa ubovu. Ilikuwa ni sauti ya wazazi wangu wakifanya kazi pamoja, na ikikatika ghafla nilijua kwamba mkono wa Mama upo betrini na mguu wa Baba upo kwenye klachi, na dunia imekaa sawa, naweza kulala tena.

Kurudi kwake nako kulikuwa na utaratibu. Tulilisikia lori tangu linapokata kona ya mashine ya kukamua alizeti. Mama aliinjika maji ya kuoga, akachukua taulo la kijani kwenye msumari nyuma ya mlango, akatoka uani na kusimama mlangoni mwa dereva. Baba alishuka akiwa hana uso, ana vumbi tu na macho mawili. Mama alimpa taulo. "Pole na safari." "Nishapoa." Akijifuta, uso wa baba yangu ulitokea polepole, kwanza paji, kisha pua, kisha lile tabasamu lenye pengo. Mpaka leo nikimkumbuka huwa anatokea hivyo, chini ya taulo.

Alikufa kwa homa. Alirudi kutoka safari akajilaza, akapelekwa hospitali, na aliyerudishwa nyumbani alikuwa amefunikwa. Sitasema mengi kuhusu siku ile kwa sababu sikuiona. Nilikuwa mdogo, nilikuwa mtoto wa kike, na nyumba ilijaa miguu ya watu wazima. Nilichokiona ni jeneza likitoka getini juu ya mabega ya wanaume, wakipokezana, na sisi wanawake tukibaki. Wanawake kwetu hawakwenda makaburini. Wanaume walikwenda na jeneza na wakarudi na jeneza, likiwa tupu, wakanawa mikono, wakala ubwabwa. Hakuna aliyenieleza walimwacha wapi, maana kila mtu alidhani najua.

Basi mimi nikajifikiria mwenyewe, kwa akili niliyokuwa nayo. Baba alikuwa hajawahi kwenda popote bila lori. Hata sokoni alikwenda na lori. Safari hii hakuchukua lori, hakuchukua chupa ya chai, hakuchukua koti lake lenye kola ya manyoya. Alipelekwa kwa miguu, na waliompeleka walirudi kabla chakula hakijapoa. Kwa hiyo hayupo mbali. Na popote alipo, siku akitaka kurudi, atalihitaji lori lake. Hilo kwangu lilikuwa jambo la wazi kabisa. Nilishangaa tu kuona wengine wanalia wakati lori lipo pale uani limeegeshwa.

Mama aliingia eda. Ninyi mnaojua mnajua, wasiojua niwaeleze kwa ufupi. Mjane anakaa ndani muda wake wote mpaka uishe, hajipambi, hajitii manukato, hatoki mbele ya wanaume wa kando bila dharura. Alivaa nguo nyeupe, akakaa kwenye mkeka chumbani, na bibi mzaa mama alikuja kutoka Unyambwa kukaa naye. Bibi alikuwa mkali wa eda kuliko hata shehe. Dirisha likifunguliwa sana, analirudisha. Mama akicheka kidogo, jambo ambalo lilitokea labda mara moja, anamtazama. Wakiwa wawili walizungumza Kinyaturu kwa sauti ya chini, na mimi nikiingia walinyamaza.

Mimi nilihamia kwenye lori. Kila nikirudi shule nilipanda kabini nikaketi kwenye kiti chake kilichochanika, nikafuta vumbi kwenye usukani, nikahakikisha kila kitu kipo mahali pake. Nilikuwa namtunzia. Kuku walianza kutaga chini ya bodi na nilikuwa nawafukuza, kwa sababu Baba alichukia mavi ya kuku kwenye matairi.

Ndipo Baba mkubwa alipokuja. Huyu alikuwa kaka yake Baba, mtu mwenye duka Manyoni, mpole, mzito wa mwendo, na alikuja na dereva kijana na betri ya kuazima kwa sababu yetu ilikuwa imelala kwa kukaa. Alimsalimia Mama kupitia kwenye pazia, akamwambia kwamba amepata mtu wa kulinunua lori, kwamba gari likikaa linaoza, na kwamba haki ya watoto ni bora iwe kitu cha kuonekana kuliko chuma cha kuozea uani. Mama alijibu kutoka ndani, "Sawa shemeji. Lichukueni." Leo sioni kosa lolote katika maneno ya Baba mkubwa. Siku ile niliona mwizi.

Nilimfuata mpaka kwenye lori, alipokuwa akitazama matairi.

"Shikamoo Baba mkubwa."

"Marahaba, mama."

"Mkilichukua, Baba atarudi na nini?"

Aliacha kutazama matairi. Alinitazama mimi, halafu akatazama ukuta, akaupapasa mfuko wa koti lake akatoa peremende, akanipa. "Nenda kwa mama yako," alisema. Niliishika ile peremende bila kuifungua na nikasimama pale pale kwenye kivuli cha nyumba, kwa sababu kama Baba alikuwa anataka kufanya lolote kuhusu lori lake, wakati wenyewe ulikuwa huu.

Dereva alifunga betri, akapanda, akazungusha ufunguo. Stata ikazunguka, kichovu, injini haikushika. Lori lilikuwa limekaa sana, dizeli ilikuwa imeingia hewa. Akajaribu tena. Akajaribu tena. Kila mara mzunguko ulikuwa mzito zaidi, na taa ndogo ya kwenye dashibodi ikawa inafifia. Nilianza kupata raha moyoni, nikamwambia lori kimoyomoyo likatae. Kisha dereva akashikilia ufunguo kwa muda mrefu, akauachia.

Stata haikuacha.

Ilizunguka. Lori zima lilitikisika, bodi ikagonga chasisi, kuku wakatoka chini yake wakipiga kelele. Dereva alirudisha ufunguo nyuma, akauchomoa kabisa, na stata ikaendelea. Aliruka chini kama aliyeona nyoka, ufunguo ukiwa mkononi, akaunyanyua juu kumwonyesha Baba mkubwa. "Ufunguo huu hapa! Huu hapa, mzee!" Mlango wa kabini ulibaki wazi. Kiti cha Baba kilikuwa hakina mtu, na lori lilikuwa linajiwasha.

Sijui kama mtu anaweza kupata furaha kubwa namna ile mara mbili katika maisha. Mimi sijaipata tena. Nilikimbia ndani, nikalisukuma pazia, nikaanguka mbele ya mkeka.

"Mama! Baba anawasha gari! Mama, Baba amekuja, anawasha gari!"

Sauti ilikuwa inaingia kupitia dirishani, ile ile ya alfajiri zote. Mama alikuwa ameshika kikombe cha uji. Alikiweka chini. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikukielewa, ulikuwa kama umefunguliwa. Akasimama.

"Unakwenda wapi?" Bibi alimwuliza. "Wanaume wapo nje. Una eda, mwanangu, keti."

Mama alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akachukua taulo la kijani kwenye msumari wake, akatoka. Alitoka pekupeku na nguo zake nyeupe, kwenye jua ambalo halikuwa limemgusa tangu msiba. Baba mkubwa alipomwona aliinamisha uso. Dereva akasogea pembeni. Mama aliwapita wote kama hawapo. Kwanza alikwenda mlangoni mwa dereva, akasimama pale, akatazama ndani ya kabini. Nilidhani anaangalia swichi. Alisimama kidogo tu, sikuweza kuuona uso wake kwa sababu nilikuwa nyuma yake. Halafu nikaona mabega yake yakishuka.

Aligeuka, akaenda kwenye sanduku la betri. Moshi mwembamba ulikuwa umeanza kutoka chini ya injini na ile harufu ilikuwa imejaa uani. Akainua kifuniko, akakizungushia kibano lile taulo, maana kilikuwa kimepata moto, akavuta. Cheche iliruka. Taulo likafuka kidogo, na maji ya betri yaliyokuwa yamechemka yakaliramba na kuanza kulila.

Kimya.

Ile mashine ya kukamua alizeti kule konani ilikuwa inasikika sasa, na upepo, na pumzi za watu. Nilingoja mlango wa lori ufanye kitu. Nilingoja kikohozi chake. Lori lilitoa mlio mdogo wa chuma kinachopoa, na basi.

"Umemzima!" nilipiga kelele. "Umemzima Baba! Kwa nini umemzima?"

Nilimpiga mapajani kwa ngumi. Nilisema maneno hayo mara nyingi, na kila mtu pale uani aliyasikia, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyejua afanye nini na mikono yake. Baba mkubwa alikaa juu ya tairi la akiba na kujifunika uso kwa kofia. Mama aliniacha nimpige. Hakunishika, hakunikemea. Nilipochoka alirudi ndani na taulo lake, akalala akiwa ameelekea ukutani, na Bibi, ambaye nilidhani atamgombeza, alikaa tu nyuma yake akimpapasa mgongo.

Kesho yake asubuhi alikuja fundi umeme. Alitandika gunia kwenye kivuli cha ukuta, chini ya dirisha la Mama, akafungua stata akaileta pale, nzito, nyeusi, imejaa mafuta na udongo. Nilikaa mbali naye kidogo. Nilikuwa sizungumzi na mtu tangu jana. Lakini sikuweza kuondoka, kwa sababu kama Baba hakuwa kwenye kiti, basi alikuwa ndani ya kile chuma, na huyu mtu alikuwa anakifungua.

Dirisha lilifunguka. Lilikuwa ni la Mama, na alizungumza nyuma ya pazia bila kujionyesha.

"Fundi. Huyo mtoto mwonyeshe."

"Nimwonyeshe nini, mama?"

"Vyote. Mwonyeshe kila kitu kilichomo. Mwambie nani alikuwa anawasha."

Fundi alinitazama, na nadhani alikuwa ameshasikia habari za jana, maana mji wetu ni mdogo. Hakucheka. Alinisogezea nafasi kwenye gunia. Alifungua kifuniko kidogo cha juu, kile cha kopo lililokaa mgongoni mwa stata, na ndani akanionyesha kisahani cha shaba na vichwa viwili vya bolti.

"Ukizungusha ufunguo," alisema, "hiki kisahani kinasukumwa, kinagusa hapa na hapa. Umeme unapita, stata inazunguka. Ukiachia, kinatakiwa kirudi. Springi hii inakirudisha. Umeelewa?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Sasa jana betri waliyoleta ilikuwa dhaifu. Betri ikiwa dhaifu, kisahani hakigusi sawasawa, kinagusagusa, kinapiga cheche. Cheche zikizidi, shaba inayeyuka, inashikana. Ona." Alijaribu kukitoa kisahani kwa kidole, hakikutoka. Kilikuwa kimeganda kwenye bolti, na pale kilipogandia palikuwa na donge jeusi dogo, kama tone la nta. "Kikishaganda hivi, hata ufunguo uutupe kisimani, stata itazunguka tu. Mpaka betri ichomolewe, au ife, au gari liungue."

"Kwa hiyo hakuna mtu?"

"Hakuna mtu, mama."

"Hata akiwa haonekani?"

Alichukua bisibisi, akakipigapiga kisahani mpaka kikabanduka, akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. "Kitazame," alisema. "Hakuna mahali pa kukaa mtu."

Nilikitazama mbele na nyuma. Nilipitisha kidole kwenye yale makovu. Nyuma ya pazia sikusikia chochote, lakini pazia lilikuwa karibu sana na nondo za dirisha, kama mtu aliyeliegemea. Fundi alingoja mpaka nikamrudishia mwenyewe. Alikisugua kwa msasa, akakigeuza upande wa pili uliokuwa mzima, akafunga, akarudisha stata mahali pake. Aliitoa hewa kwenye dizeli. Dereva akapanda akazungusha ufunguo, na lori likawaka. Akazima, likazima. Akawasha tena, likawaka, na stata ilinyamaza papo hapo kila alipoachia. Walijaribu mara nyingi kuhakikisha. Sijawahi kusikia kitu kikitii namna ile, na kila kilipotii nilizidi kuumia, mpaka nikaziba masikio.

Walitoka nalo getini kabla ya adhuhuri. Baba mkubwa alinishika kichwa, akaondoka. Lililobaki uani ni doa la oili na alama za matairi, na kuku waliokuja kuchungulia mahali penye kivuli wakakikosa. Nilisikiliza mpaka kwenye kona ya mashine ya alizeti. Halafu nilirudi ndani, nikalala mgongoni mwa Mama, nikalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Watu wengine wote walikuwa wamemlilia Baba siku alipotoka kwenye mabega ya wanaume. Mimi baba yangu alikufa siku ile, lori lilipokata kona.

Eda ilipoisha Mama alioga, akabadili nguo, na kabla hajakwenda popote pengine alinishika mkono akanipeleka makaburini. Bibi alinung'unika, mtoto wa kike makaburini, na mama yake pia, lakini Mama alisema mtoto huyu lazima aone. Palikuwa na kichuguu cha udongo kilichoanza kuota nyasi, na jiwe. Upepo ulikuwa mwingi. "Yupo hapa," Mama alisema. "Tangu siku ile yupo hapa. Hajakwenda pengine." Nilikaa chini nikakigusa kile kichuguu kwa kiganja, na kilikuwa na joto la jua.

Miaka ikapita. Nilikua, nikaolewa, nikawa mtu wa maneno mengi, na kisa cha stata kikawa kisa changu. Nilikisimulia misibani na kwenye shughuli, wanawake wakimenya vitunguu. Nilivyokisimulia, kilikuwa ni kisa cha ushujaa. Wanaume wamesimama wanatetemeka, lori linataka kuungua, na Mama anatoka kwenye eda na nguo zake nyeupe, anashika betri kwa taulo, anazima. Watu walicheka, wakapiga vigelegele. Mama naye alikuwepo mara nyingine, na alikuwa akitabasamu tu akiinamia kazi yake.

Mpaka mwaka uliopita, alipokuwa ameanza kuugua. Tulikuwa wawili barazani tunachambua mchele. Nilikuwa nimemsimulia mwanangu wa mwisho kile kisa, na mtoto alikuwa amekimbia kwenda kucheza. Mama akasema, bila kuinua macho kwenye ungo:

"Unakisimulia vizuri. Ila si hivyo."

"Si hivyo vipi, Mama? Nilikuwepo."

"Ulikuwepo. Mimi ulinionaje, nilitoka na nini?"

"Na taulo."

"Haya. Betri mtu anaifuata na taulo?"

Alitoa kijiwe kwenye mchele akakitupa uani.

"Ningekuwa nakwenda kwenye betri, ningekwenda na spana. Nilikuwa sijui kama yule kijana kakikaza kibano au hakukikaza. Spana ilikuwa pale pale dirishani, mwanangu. Sikuikumbuka. Wewe uliingia ukasema baba yako amekuja, na stata ile naisikia, na mimi nilikuwa sijamwona akizikwa kama wewe ulivyokuwa hujamwona." Alipepeta ungo kidogo. "Nilichukua taulo nikatoka kumpokea. Nimefika mlangoni nikakuta kiti kitupu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba gari lina ugonjwa wake."

Nilikuwa nimemwambia amemzima Baba, nikamwambia mbele ya watu, na yeye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anaachwa mjane kwa mara ya pili, peke yake, na mkono wake unaungua. Tuliendelea kuchambua mchele. Baadaye kidogo aliniambia nikaangalie maharage jikoni, na mambo ya stata hatukuyazungumza tena.

Mwezi uliopita tumemzika. Wanaume walimbeba, wakatoka naye getini, na sisi wanawake tukabaki. Mimi niliwafuata kwa macho mpaka kwenye kona. Mashine ya alizeti haipo tena pale, pana duka la vifaa vya ujenzi, lakini kona ni ile ile.

"Nakuuliza wewe," mama mdogo alisema, taulo likiwa bado kwenye mapaja yangu. "Tambara hili la nani? Nilitie kwenye kiroba?"

"La Baba," nilimwambia. "La kujifutia vumbi akirudi."

Alinitazama. Alikuwa msichana wa shule siku zile, hakuwepo uani, lakini alimjua dada yake. Alilichukua taratibu, akalikung'uta, akalikunja mara mbili na yale matundu yakaenda kwa ndani, kisha akanirudishia mikononi.